Unaponunua gari la kifahari la mseto lililokwisha tumika

Katika miji mingi wanakoishi wasikilizaji wetu ughaibuni, kuanzia Muscat na Dubai hadi London na Minneapolis, gari ambalo lilipokuwa jipya lilinunuliwa na wakurugenzi wa makampuni sasa linapatikana kwa bei ya gari dogo la kawaida. Ni gari kubwa la kifahari la mseto, yaani lile linalokwenda kwa petroli na umeme pamoja. Viti vyake ni vya ngozi, mlio wake hausikiki, na muuzaji atakuapia kwamba halili mafuta. Bei ya gari imeshuka kweli. Bei ya vipuri vyake haikushuka pamoja nayo, na hapo ndipo akiba ya miaka kadhaa ya familia inapoweza kuteketea katika muda wa wiki moja.

Mfano tutakaoutumia katika makala haya ni Lexus RX, kwa kuwa ndilo lililotangulia katika kundi hili na linaonekana kwa wingi katika masoko ya magari yaliyotumika. Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki si gari geni. Vizazi vyake viwili vya kwanza ndivyo vilivyouzwa Japani kwa jina la Toyota Harrier, gari ambalo vijana wa Dar es Salaam wamelipa jina la utani ambalo adabu za redio hazituruhusu kulitaja.

Harrier ya kwanza ilitoka nchini Japani mwezi Desemba mwaka 1997, mwezi ule ule ambao kampuni ya Toyota ilianza kuuza Prius, gari lake la kwanza la mseto. Ilichukua zaidi ya miaka saba kwa mambo hayo mawili kukutana. Mwaka 2005 ilitoka RX 400h, yenye injini ya silinda sita ya lita 3.3. Mwaka 2009 ikafuatia RX 450h yenye injini ya lita 3.5, ambayo umbo lake lilibadilishwa mwaka 2015 na ambayo iliendelea kuuzwa hadi mwaka 2022. Tunapozungumzia gari la mseto la mkono wa pili la aina hii, mara nyingi tunazungumzia mojawapo ya hayo mawili.

Tofauti baina yao si ya lita tu. Injini ya RX 400h inatumia mkanda wa taimingi, ambao nchini Marekani inashauriwa ubadilishwe kila baada ya maili 90,000, na ni busara kubadilisha pampu ya maji wakati huo huo kwa kuwa imo humo humo ndani. Injini ya RX 450h inatumia cheni, isiyohitaji kubadilishwa kwa ratiba. Mtu anayeuza RX 400h yenye maili 130,000 na hana risiti ya mkanda huo anakuuzia pia kazi ya fundi ya siku nzima, na bei inapaswa kupunguzwa kwa kiasi hicho.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi

Wapo wanaodhani kwamba gari lenye injini na umeme ndani yake lina vitu vingi zaidi vya kuharibika. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Gari hili halina stata wala altaneta, kwa sababu mota za umeme ndizo zinazowasha injini na kuchaji betri. Halina giaboksi ya kawaida yenye gia za kupandishwa na kushushwa. Nguvu za injini na za mota hukutana katika seti moja ya gia ambazo daima zimeshikana. Kompresa ya kiyoyozi inaendeshwa kwa umeme. Vitu kadhaa ambavyo huwapeleka wenye magari ya kawaida gereji, humu havimo kabisa.

Vilivyomo ni betri kubwa ya volti 288 iliyo chini ya kiti cha nyuma, na kifaa kiitwacho inveta, kilicho mbele karibu na injini, ambacho huinua umeme huo hadi kufikia volti 650 na kuupeleka kwenye mota. Katika magari yanayosukumwa kwa magurudumu manne ipo mota nyingine inayojitegemea kwenye ekseli ya nyuma, na hakuna shafti yoyote inayounganisha mbele na nyuma. Mota hiyo inasaidia kwenye theluji na barabara zenye utelezi. Mwenye nia ya kuvuka wadi zenye mchanga huko Oman atafute gari la kazi hiyo. Hili, pamoja na urefu wake wote, ni gari la lami.

Kuhusu mafuta, msikilizaji, muuzaji hasemi uongo, ila hamalizi maneno. Gari la mseto huokoa petroli pale linaposimama na kuondoka mara kwa mara, kwani kila breki inaporudisha umeme kwenye betri, kiasi fulani cha nishati ambayo ingepotea kama joto huokolewa. Ndiyo maana katika vipimo rasmi vya Marekani RX ya mseto hufanya vizuri zaidi mjini kuliko kwenye barabara kuu, kinyume cha magari mengine. Mtu anayeendesha kila siku kwa kasi moja kati ya Muscat na Sohar atapata faida ndogo sana ya kulipia teknolojia hiyo.

Betri: hofu na ukweli

Swali ambalo kila mnunuzi huliuliza kwanza ni hili: betri itakufa lini? Hakuna anayeweza kutaja tarehe, lakini inafahamika ni mambo gani yanayoiua.

Betri ya RX 400h na RX 450h ni ya nikeli, haichomekwi ukutani, na imeundwa kwa vifurushi 30 vyenye seli 240 zilizoungwa kwa mfuatano. Kompyuta ya gari hairuhusu ijae kabisa wala iishe kabisa, na kwa sababu hiyo inaweza kudumu miaka mingi. Adui yake mkubwa ni joto. Inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ambayo feni huivuta kupitia matundu yaliyo chini ya kiti cha nyuma. Sasa fikiria gari lililobeba watoto, makombo ya biskuti, manyoya ya paka na vumbi la miaka kumi. Vyote hivyo huvutwa humo. Feni ikishaziba, betri hupata joto, seli zilizo katikati huchoka kabla ya zilizo pembeni, na kifurushi kimoja kikidhoofika vyote vilivyobaki hubeba mzigo wake. Hatimaye taa huwaka kwenye dashibodi na mashine ya uchunguzi huandika P0A80, msimbo unaomaanisha kwamba betri inatakiwa kubadilishwa.

Kusafisha feni hiyo na njia zake za hewa ni kazi ya saa chache kwa fundi anayeifahamu. Betri mpya kwa wakala hugharimu maelfu ya pauni au dola. Uwiano huo peke yake unatosha kumfanya mtu asiweke mablanketi, mifuko ya sokoni wala miguu ya abiria mbele ya matundu yale, na katika nchi za Ghuba asiwe bahili wa kiyoyozi wakati wa kiangazi, maana hewa inayompoza yeye ndiyo inayoipoza betri.

Zipo karakana zinazofungua betri iliyokufa, zikatoa vifurushi vilivyochoka na kuweka vilivyotumika vyenye nafuu, kwa bei ndogo sana. Gari huwaka na taa huzimika. Lakini vifurushi vya umri tofauti havikai pamoja kwa amani, na mara nyingi kingine huanguka baada ya miezi kadhaa. Kwa maoni yangu, matengenezo ya namna hiyo yanamfaa anayetaka kuuza gari, si anayetaka kulitumia. Kwa hiyo muuzaji akikwambia betri "imetengenezwa", muulize kama ni mpya au ilikarabatiwa, na uombe risiti yenye jina la karakana.

Dhamana nayo inafaa kusomwa vizuri. Nchini Marekani, Lexus ilitoa dhamana ya betri ya miaka 8 au maili 100,000 hadi kwa magari ya toleo la mwaka 2019, na kuanzia toleo la 2020 ikaongezwa hadi miaka 10 au maili 150,000. Nchini Uingereza, gari linalopelekwa kwa wakala kila mwaka kwa ukaguzi wa mfumo wa mseto linaweza kuongezewa kinga ya betri hadi litimize miaka 15. Hati ya ukaguzi huo ina thamani kuliko redio yenye spika kumi na tano.

Yanayosahauliwa

Kwa kuwa kila mtu anaangalia betri, mambo mengine hupita bila kuonekana. Inveta ni mojawapo. Mwaka 2011, na kwa mara nyingine mwaka 2013, Toyota iliyaita magari ya RX 400h pamoja na ndugu yake Highlander ya mseto kwa sababu ya kasoro katika bodi ya inveta, ambayo ingeweza kulifanya gari kupoteza nguvu au kuzimika njiani. Matengenezo hayo yalikuwa ya bure. Namba ya utambulisho wa gari ikiingizwa katika tovuti ya idara ya usalama barabarani ya Marekani, au namba ya usajili katika huduma kama hiyo ya serikali ya Uingereza, utajua kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Inveta ina maji yake ya kupozea na pampu yake ndogo ya umeme, mbali na yale ya injini. Fundi asiyejua hilo hujaza upande mmoja akadhani amemaliza.

Breki nazo zina hadithi mbili. Kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo, pedi za breki hudumu muda mrefu kuliko za magari mengine. Lakini kitu kisichotumika hushika kutu, hasa katika nchi ambazo barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na pini za breki hukwama. Pia mfumo wa breki unategemea pampu ya umeme inayohifadhi mgandamizo wa mafuta. Ukikanyaga breki gari likiwa limesimama ukasikia mlio wa pampu kwa sekunde chache, hiyo ni kawaida. Ikiwa inalia tena na tena bila wewe kugusa kitu, kifaa hicho kimeanza kuchoka, na ni miongoni mwa vipuri vya ghali kabisa vya gari hili.

Kuna na wizi. Nchini Uingereza, hasa kati ya mwaka 2019 na 2021, magenge yalijipenyeza usiku chini ya magari ya mseto yakakata kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ambayo bei yake ilipanda mno wakati huo. Wakia moja ya rodi ilipita dola 20,000 mapema mwaka 2021. Magari ya mseto yalipendwa na wezi kwa kuwa injini yake haifanyi kazi muda wote, hivyo madini hayo huchakaa polepole. RX ilikuwa miongoni mwa walengwa. Angalia basi kama gari lina bamba la kinga chini, na sikiliza ekzosi. Ikinguruma isivyo kawaida, huenda kifaa kilichowekwa badala ya kile cha asili ni cha bei rahisi. Kabla hujalipa chochote, uliza pia bei ya bima kwa anwani yako mwenyewe, si ya rafiki yako anayeishi kijijini.

Siku ya kuliona gari

Mwambie muuzaji kwamba unataka gari likiwa baridi, halijawashwa tangu usiku. Ukifika ukakuta boneti ina joto, jiulize sababu. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, neno READY linapaswa kutokea, na injini inaweza kubaki kimya au kuwaka yenyewe muda mfupi baadaye. Gari ambalo haliwezi kufika kwenye READY si lazima liwe na betri kubwa mbovu; huenda ni ile ndogo ya volti 12, inayoamsha kompyuta. Wapo watu waliokwisha kulipa pesa nyingi kwa uchunguzi ambao ungemalizwa na betri hiyo ndogo.

Liendeshe kwa nusu saa au zaidi, mjini na kwenye mlima kama upo. Weka kwenye kioo picha ya mzunguko wa nishati na uangalie vijiti vya betri. Betri nzima hupanda na kushuka kwa utulivu. Betri iliyochoka huruka: inajaa mara moja kwenye mteremko, na inaisha mara moja kwenye mwinuko, kama kibuyu kidogo kinachoingizwa maji ya ndoo. Feni ya kiti cha nyuma ikivuma kwa nguvu katika siku isiyo ya joto, hiyo ni dalili nyingine.

Kisha lipelekwe kwa fundi wa mseto mwenye mashine ya kusoma volti ya kila sehemu ya betri moja moja. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na unachokwenda kukitoa. Mwombe pia aangalie kama vipimo vya ndani vya mfumo wa moshi vimekamilika. Muuzaji anayefuta misimbo ya hitilafu asubuhi ya siku hiyo huzima taa, lakini vipimo hivyo hurudi sifuri na kuchukua safari kadhaa kabla ya kukamilika tena. Vikiwa havijakamilika na betri ndogo haijabadilishwa karibuni, mtu amefuta kitu.

Nchini Uingereza, historia ya ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali, pamoja na maili zilizoandikwa kila mwaka na maonyo aliyoyatoa mkaguzi. Kwa dakika tano utaona kama mita imerudishwa nyuma. Huko huko, gari lililosajiliwa tangu Aprili 2017 na ambalo bei yake ya awali ilizidi pauni 40,000 hutozwa nyongeza ya kodi ya barabara kwa miaka mitano kuanzia mwaka wa pili, na anayelinunua ndani ya kipindi hicho hurithi deni hilo. Na wale wanaoendelea kusema kwamba gari la mseto huingia katikati ya London bila kulipa kodi ya msongamano wanazungumzia mambo ya kale: msamaha wa mwisho kwa magari ya mseto uliondolewa mwezi Oktoba mwaka 2021.

Kwa walio katika nchi za Ghuba, jambo la kwanza ni maji. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilizamisha magari mengi katika Falme za Kiarabu na Oman, na huko Marekani kila kimbunga kikubwa huacha nyuma yake magari yaliyozama, ambayo baadhi husafishwa na kuuzwa mbali na pale yalipozama. Katika gari hili betri iko chini ya kiti cha nyuma, karibu na sakafu. Inua kapeti, tazama boliti za viti, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake na uunuse. Tope kavu likionekana ndani ya mkunjo wa mkanda, shukuru ukaondoke.

Baada ya kununua

Wasikilizaji wengi husafiri kwenda nyumbani kwa mwezi au miwili na kuliacha gari juani. Betri ndogo ndiyo hufa kwanza, kisha ile kubwa hupungua polepole. Mwombe jirani aliwashe mara moja kwa wiki hadi READY, aliache nusu saa au zaidi mahali penye hewa ya kutosha, gia ikiwa kwenye P. Isiwe kwenye N, kwa sababu katika hali hiyo betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwaka. Usisubiri petroli ikauke ukitegemea umeme ukufikishe kituoni; betri ikishuka kupita kiasi, itahitaji vifaa maalumu kuirudisha. Na gari likiharibika njiani lipakiwe lote juu ya lori. Likivutwa huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka barabarani, mota hizo huzalisha umeme na zinaweza kusababisha moto.

Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na fundi wa kawaida. Anayezishughulikia sharti atoe plagi ya usalama ya betri, asubiri dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta upungue, na avae glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000. Fundi anayecheka ukimuuliza glavu zake ziko wapi, mwache acheke na wewe uondoke na ufunguo wako.

Wengine hununua wakiwa na nia ya kurejea na gari nyumbani. Kenya husajili magari yenye usukani wa kulia tu na yasiyozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo gari la Houston au la Muscat halina nafasi huko hata likiwa zuri namna gani, na la Uingereza lazima liwe changa. Uganda imepiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu mwaka 2018. Tanzania huyaruhusu yaliyozeeka, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa yaliyopita miaka 8, na hesabu hiyo inafaa kufanywa kabla gari halijafika kwenye meli.